Gari Linalotetemeka Kinyume cha Uamuzi wa Kamati

Nabalayo Wabwire,
Nyumba ya tatu baada ya bomba la maji,
Gatwekera, Kibera,
Nairobi.

23 Mei 1996

Kwa Bwana Simeon Khamala,
Mwenyekiti, Kamati ya Gari la Wagonjwa,
Kabiro, Kawangware.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA GARI LETU KWA KUKATAA KUTII MAAMUZI YA KAMATI

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kiti chako kikiwa kimetulia kuliko viti vya gari ninalolizungumzia. Mimi ni Nabalayo, mwanafunzi wa darasa la nane, yule msichana aliyekariri shairi la kumkaribisha mgeni wa heshima mwezi wa Machi, siku gari lilipozinduliwa baada ya kuinuliwa. Mimi pia ni binti wa Maurice Wabwire, dereva wa gari hilo, ambaye Kamati yako imemsimamisha kazi, na ambaye Jumamosi hii itaamua kama ni mwizi. Nakuandikia mapema kwa sababu Mwalimu Seline, anayetufundisha Kiswahili, husema kwamba malalamiko yakifika baada ya uamuzi hayaitwi tena malalamiko, huitwa rambirambi.

Tafadhali usidhani nailalamikia Kamati. Kamati imefanya kila jambo ambalo kamati inaweza kufanya. Imekutana, imekunywa chai, imepiga kura. Ninayemlalamikia ni gari. Maamuzi yote yalipitishwa bila kupingwa, na bado gari linatetemeka.

Mwalimu alitufundisha kuanza na historia, kwa hiyo naomba nikukumbushe ile unayoijua vizuri kuliko mimi.

Gari letu ni Landrova kuukuu iliyotolewa iwachukue wagonjwa wa Kibera na Kawangware na kuwafikisha hospitalini. Mvua ikinyesha lilikuwa linakwama kwa tumbo juu ya mawe ya Gatwekera, na wagonjwa walikuwa wakishuka kusaidia kulisukuma. Ndipo ukaamua liinuliwe. Fundi Munyao wa Kawangware akaweka vipande vinene vya chuma kati ya ekseli na sipringi, gari likapanda kiasi cha kiganja kilichofunguliwa. Ukalizunguka. Ukakumbuka kwamba gari la kikundi cha mtaa wa Kambi Muru ni refu zaidi. Ukaagiza liongezwe kidogo.

Nilikuwepo, nikisubiri baba. Fundi Munyao alikuna kichwa akasema, "Chairman, ukiinua bodi hivyo, propela itabaki imekunja shingo." Propela, kama ujuavyo, ni ule mhimili mrefu unaozunguka chini ya gari, unaotoa nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka kwenye magurudumu. Ukamjibu, "Munyao, wewe inua tu. Mambo ya shingo niachie mimi."

Kisha ikaja siku ya mgeni. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa, miti ikapakwa chokaa hadi kiunoni, na kuku mmoja aliyepita vibaya akapakwa pia. Kwa kuwa gari sasa lilikuwa juu sana, ulisema mgeni ataliona tumbo bila hata kuinama, na tumbo la gari la Kamati haliwezi kuwa na vigaga. Ulivua koti, ukalala juu ya gunia, ukaingia chini ukiwa na nyundo na patasi, ukabandua kwa mikono yako mwenyewe matope makavu, kutu na kila kilichojitokeza vibaya. Akina mama walipiga vigelegele. Hata mimi nilipiga, ingawa nilikuwa natunza sauti kwa ajili ya shairi. Vijana wakafuata nyuma yako na rangi ya fedha, wakapaka kila kitu kule chini. Mgeni alipofika alikata utepe, akala, akaondoka bila kuangalia tumbo. Lakini sisi tuliliangalia kwa niaba yake.

Kesho yake baba alibeba mgonjwa wa kwanza. Kutoka Gatwekera hadi barabarani gari lilipita juu ya mawe kama ngamia, watu wakashangilia. Alipofika Ngong Road akaongeza mwendo, na mshale ulipokaribia sitini gari likaanza kutetemeka. Kwanza sakafu, halafu viti, halafu kioo cha kutazamia nyuma, mpaka baba akawa anaona pikipiki tatu mahali palipo na moja. Mgonjwa, ambaye alikuwa na jino bovu, alimwambia, "Dere, punguza, sasa yanauma yote." Akapunguza hadi hamsini. Gari likatulia kana kwamba halikusema kitu.

Sasa naja kwenye malalamiko yenyewe.

1. Gari ni kigeugeu. Baba alipowapa habari, mlifanya jambo la busara, mkaamua kulipima wenyewe. Mliingia wanakamati wote, mkalizungusha mtaani Kabiro kati ya wauza mboga na watoto wanaocheza, kwa mwendo ambao bibi mmoja aliyebeba maji aliwapita na kuwasalimia. Gari halikutetemeka hata kidogo. Mkaandika kwamba hakuna tatizo. Jioni ileile lilifika Ngong Road likatetemeka tena, bila haya, likijua kabisa lilichoandikiwa. Mimi ningefanya hivyo shuleni, ningepigishwa magoti mbele ya wanafunzi wote mstarini.

2. Gari linamchafulia dereva jina. Baada ya hapo ulisema, na nanukuu kama baba alivyotuigizia akila ugali, "Wabwire, gari si mgonjwa. Ni wewe unatetemeka, linakufuata." Ili jambo hilo lijulikane kwa njia ya haki, mlimpa kikombe cha chai kilichojaa hadi ukingoni akishike mbele ya Kamati. Hakikumwagika. Mweka hazina, Bi. Amondi, akasema hiyo yenyewe ndiyo alama mbaya, kwa sababu mtu asiye na hatia angekuwa na wasiwasi kidogo. Naikubali hoja hiyo. Tangu siku ile mimi nikishika kikombe nyumbani hukitikisa kidogo, nisije nikashukiwa.

Sitaki udhani kwamba namsifu baba kupita kiasi kwa kuwa ni baba yangu. Baba ni mtu wa kujigamba. Husema gari likikohoa Kawangware yeye hulisikia akiwa Gatwekera. Lakini mwanzoni alikosea, na alikosea kwa sauti kubwa. Alisema ni magurudumu. Yakapelekwa kupimwa uzito, yakabadilishwa, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Likatetemeka. Akasema, "Haa, sasa nimejua," ni raba zinazoshikilia giaboksi. Zikabadilishwa. Likatetemeka. Mama, ambaye huuza omena na hana gari lolote la kujigambia, alimtilia mchuzi akamwambia, "Daktari, mgonjwa wako bado anatetemeka." Baba hakumaliza ugali.

3. Gari linabagua barabara. Katika mkutano wa pili mligundua jambo ambalo hata mafundi hawakuliona, yaani kwamba gari halitetemeki kwenye matope, hutetemeka kwenye lami tu. Mkaamua basi kwamba kosa ni la lami. Naunga mkono. Gari liliinuliwa kwa ajili ya matope, na ni haki yake kupewa matope mpaka mlangoni pa hospitali. Ninapendekeza Kamati iiandikie serikali ya jiji, kwa lugha ya upole, kuiomba iing'oe lami ya Ngong Road kuanzia pale tunapoingilia, kisha imwage udongo na mawe kiasi yaliyochaguliwa Gatwekera. Mawe tutayatoa sisi. Kama wenye magari mafupi watalalamika, nao waende kwa fundi Munyao wakainuliwe. Baadaye tutakuwa jiji zima la magari marefu yasiyozidi hamsini, na hakuna atakayejua kwamba tunatetemeka.

4. Wagonjwa hawasomi kumbukumbu za mikutano. Mliamua pia kwamba gari lisizidi hamsini, na hilo peke yake lingetosha kama wagonjwa wangepewa nakala. Jirani yetu Apiyo ni mjamzito, na siku zake zimekaribia. Nilimweleza uamuzi huo kwa adabu. Alinitazama akasema, "Nabalayo, mwambie Chairman huyu mtoto hajui kusoma bado." Naomba basi Kamati iteue mtu wa kwenda nyumba kwa nyumba akiwaeleza akina mama waanze kujisikia vibaya mapema zaidi, labda siku moja kabla, ili mwendo wa hamsini uwatoshe.

5. Gari halijainuliwa vya kutosha. Hili nalileta kwa heshima kubwa kwa sababu ni wazo lako mwenyewe. Ulisema, "Shida iko chini. Tukiinua tena, shida itabaki hukohuko chini, isiwafikie abiria." Nililifikiria wazo hili somo zima la hisabati. Ni wazo zuri, lakini lina woga. Kwa nini tuliinue kidogo? Tuliinue mpaka lifikie mapaa ya mabati. Mgonjwa apande kwa ngazi. Kwa kuwa mgonjwa hawezi kupanda ngazi, tuajiri wabebaji. Kwa kuwa wabebaji wataweza kumbeba mgonjwa, wanaweza kuendelea naye tu mpaka hospitalini, na gari libaki Kabiro, juu kabisa, limetulia, likionekana kutoka Kambi Muru. Hapo Kamati itakuwa imefikia lengo lake lote.

Fundi Munyao alipoambiwa aongeze, alikataa, na hilo nalo nalilalamikia. Badala ya kuinua gari alitaka kuliangalia. Alilala chini pamoja na baba, wakashusha kamba yenye nati nzito mwishoni kuona propela imeinama kiasi gani. Walikuta ekseli inatazama upande mmoja na giaboksi upande mwingine, kwa hiyo zile krosi za propela, yaani viungo vyake vya huku na huku, zilikuwa zinajikunja vibaya kila inapozunguka. Ile shingo uliyoahidi kuishughulikia ilikuwa bado inakungoja. Wakaingiza kabari chini ya sipringi, wakaigeuza ekseli hadi pande zote mbili zikaelewana. Mtetemeko ukapungua nusu. Nusu, Mheshimiwa! Gari lilikuwa linaanza kutii watu ambao hata si wanakamati.

6. Gari lilimponza baba mbele ya waumini. Hapa ndipo moyo wangu unauma kidogo, kwa hiyo nisamehe ikiwa mwandiko utabadilika.

Nusu iliyobaki ilimnyima baba usingizi. Aliacha kujigamba, jambo ambalo lilimtisha mama kuliko mtetemeko. Akaanza kulichunguza gari polepole, kama mtu anayetafuta sindano. Akiwa barabarani kwa mwendo wa sitini aliondoa gia, akaliacha liende lenyewe, injini ikinguruma chini kwa chini. Likaendelea kutetemeka. Basi si injini, akasema. Jumapili moja alifungua propela ya nyuma, maana Landrova ina mbili, akaitoa kabisa, akaliendesha kwa nguvu ya magurudumu ya mbele peke yake. Sitini. Sabini. Nilikuwa nimekaa kando yake baada ya ibada ya kwanza ya asubuhi, na glasi ya maji niliyoishika haikuonyesha hata duara. Baba alicheka mpaka akalazimika kusimamisha gari. "Nimempata," akasema. "Ni huyu wa nyuma."

Basi alimpeleka nyumbani huyu wa nyuma. Kwenye gereji ya Munyao siku hiyo palikuwa pamefungwa, na alitaka kuichunguza mchana, jua likiwepo. Aliacha gari limefungwa uani kwa Kamati, akaiweka propela begani, akapita nayo Kawangware saa ambayo makanisa yote yalikuwa yanatoka. Rangi yake ya fedha iling'aa. Bi. Amondi alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa na Biblia yake. Akapaza sauti, "Maurice, na hiyo ni ya wapi?" Baba, ambaye hajawahi kujifunza kunyamaza, akajibu kwa furaha, "Ni ya gari la Kamati, mama! Naenda nayo kwangu!"

Nadhani katika historia ya Kawangware hakuna mwizi aliyewahi kutoa taarifa kamili namna hiyo.

Nyumbani aliweka vyuma viwili vyembamba vikiwa sambamba, akavisawazisha kwa kutumia bilauri ya maji, akailaza propela juu yake na kuiacha ijiviringishe. Kila mara iligeuka na kusimama upande uleule ukiwa chini. Akaisukuma tena. Upande uleule. Mama akamuuliza, "Unaibembeleza ilale?" Baba akasema upande huo ni mzito kwa sababu ule wa pili umepungukiwa. Akakwangua rangi ya fedha upande wa juu, na chini ya rangi tukaona alama mbili za kuunguzwa, zimekaa karibu kama macho. Akatueleza kwamba kiwandani hubandika kipande kidogo cha chuma mahali kama hapo ili propela izunguke bila kuyumba, vile mama anavyoongeza mawe upande mmoja wa mizani mpaka pande mbili zilingane. "Kitu kilikuwa hapa," akasema. "Kimeenda wapi?"

Kabla hajajibiwa, vijana wawili wa Kamati walibisha hodi.

7. Hoja ya kipande kinachokosekana. Propela mliichukua mkaifungia stoo kama ushahidi, na gari tangu hapo limeegeshwa uani bila propela ya nyuma wala dereva. Kwa hiyo naipongeza Kamati, kwani sasa halitetemeki kabisa. Ndiyo tiba ya kwanza iliyofaulu. Wiki iliyopita mzee mmoja wa Gatwekera alipelekwa hospitalini kwa mkokoteni, ambao kwa kweli ulitetemeka sana, lakini ule hauko chini ya Kamati.

Baba alisimama mbele yenu akaomba aruhusiwe kubana kipande kingine cha uzito huo mahali pale, ajaribu hata kwa klempu, ule mkanda wa chuma wa kubania bomba la maji. Alipotaja kwamba kuna kipande kinakosekana, Kamati ilishtuka. Mliuliza amejuaje kwamba kinakosekana. Mkaamua kwamba anayejua kitu kimetoka ndiye aliyekitoa, na kwamba pengine ameshakiuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Nimeitafakari hoja hii na sioni pa kuingilia. Mwanangu akija siku moja kuniambia kwamba sukari imekwisha, nami nitajua la kufanya.

Mkaandika pia maana ya wizi, ili Jumamosi pasiwe na ubishi. Dada Aketch, karani wako, alimsomea baba, na baba akatusomea sisi kwa kichwa: "Mwizi wa mali ya Kamati ni mtu yeyote, awe na cheo gani, aliyeondoa sehemu ya gari na kuiweka mahali pasipo pa gari, hata kama alikusudia mema." Mwalimu Seline husema fasili nzuri haiachi mlango wazi. Hii haina hata dirisha. Naisifu kwa dhati. Kwa fasili hiyo baba yangu ni mwizi. Ameondoa propela, ameiweka Gatwekera, na alikusudia mema.

Shuleni tayari wameanza kuitekeleza. Nikipita, wavulana wa darasa la saba hunguruma kama gari na kutetemesha mabega. "Niaje, Propela!" wanasema. "Mbuyu yako ameficha wapi ile ingine?" Mbuyu kwao ni baba. Msichana mmoja aliniuliza kama kwetu huwa tunapikia propela. Nilimjibu kwamba ndiyo, na inaiva haraka kwa sababu inajikoroga yenyewe. Walicheka, nami nikacheka, halafu nikaenda nyuma ya maktaba nikakaa kidogo.

8. Ombi. Kutokana na hayo yote naomba kwamba Jumamosi mshtakiwa awe gari, si dereva. Lisukumwe mpaka mbele ya Kamati. Lisomewe maamuzi yote, moja baada ya jingine, kwa sauti. Liulizwe kwa nini lilitulia mbele ya wakubwa na kutetemeka mbele ya wagonjwa. Likishindwa kujibu, lirudishiwe propela yake, nawe uketi kiti cha nyuma na kumbukumbu za mkutano mapajani, baba ashike usukani, mwende Ngong Road kwa mwendo wa sitini. Ukiweza kusoma hata mstari mmoja, nitakubali kwamba baba ni mwizi na nitaliandika hilo katika insha. Usipoweza, naomba umrudishie jina lake tu. Kazi mnaweza kuijadili baadaye, kwa chai.

Najua unaweza kuwa na shughuli nyingi, na kwamba barua ya mtoto wa shule si ajenda. Lakini nilikuona siku ile ukilala chini juu ya gunia kwa ajili ya gari letu, suruali yako nzuri ikichafuka. Mtu wa namna hiyo, nikajiambia, anaweza kukaa dakika chache kwenye kiti kinachotetemeka.

Msalimie Bi. Amondi, na umwambie nimeanza kumwaga chai kidogo. Msalimie dada Aketch, fundi Munyao ukimwona, vijana wawili waliobisha hodi kwa adabu, na wanakamati wote kwa vyeo vyao. Mama anawasalimu. Apiyo anawasalimu, yeye na yule asiyejua kusoma. Baba hajui kwamba nimeandika, kwa hiyo salamu zake nazituma bila ruhusa.

Wako mtiifu kuliko gari,

Nabalayo Wabwire.

N.B. Mheshimiwa, nimelazimika kuongeza haya nikiwa hapahapa ofisini kwako, kwenye benchi la wageni, kwa kalamu niliyoazima.

Nimeleta barua mwenyewe baada ya masomo. Ulikuwa umetoka. Dada Aketch alikuwa anahesabu vikombe, akaniambia bila kugeuka, "Weka tu hapo mezani kwa Chairman, chini ya hicho chuma, upepo wa mlango usiibebe." Nikaenda kuweka. Hicho chuma kimekaa juu ya kumbukumbu za mikutano yote. Ni kipande bapa, kidogo, kimepinda kidogo kama kilichokuwa kimekumbatia kitu cha duara. Nilikigeuza kwa ncha ya rula. Chini kina alama mbili za kuunguzwa, karibu karibu, kama macho.

Nikamuuliza dada Aketch kimetoka wapi. Akasema, "Hicho? Chairman alikibandua chini ya gari ile siku ya mgeni. Alisema ni kigaga sugu kuliko vyote, alikipiga nyundo mpaka jasho. Anakipenda sana hicho. Usiguse."

Sikukigusa tena. Ningeweza kukimbia nacho hadi Gatwekera na baba angekuwa amekibana kabla ya giza, lakini nyumbani kwetu tayari kuna mtu mmoja anayeshtakiwa kwa kubeba sehemu ya gari, na familia moja haihitaji wawili.

Kwa hiyo naomba usamehe barua hii yote. Naondoa hoja ya kwanza hadi ya nane. Gari halina kosa, na lami iachwe ilipo. Naondoa pia sifa nilizoipa fasili yenu ya wizi. Nimeisoma upya nikiwa nimekaa hapa, hasa yale maneno "awe na cheo gani" na "hata kama alikusudia mema", nikaona ni kali mno kwa watu wazima wanaolalia magunia kwa nia njema. Naomba Jumamosi muilegeze, kwa faida ya baba yangu na ya mtu mwingine yeyote.

Barua nimeiweka pale nilipoambiwa. Ili uifungue ilibidi kwanza uondoe kile chuma kwa mkono wako, na huenda bado umekishika. Tafadhali, Mheshimiwa, usikirudishe ulikokitoa leo. Kirudishe ulikokitoa Machi.